Sura ya Saba: Kuku Walale Wapi?

Fundi seremala anajua mbao, misumari na mabati. Kuku si kazi yake. Ukimwuliza watalala wapi wakati yeye anabomoa banda, atakujibu huku anavuta futi yake: "Mama, hawa si wana mbawa? Watajijua." Na kweli watajijua. Wawili watapanda mwembe, mmoja ataingia jikoni kwa jirani, watatu watajikunyata palepale kwenye kifusi kwa sababu ndipo walipozoea kulala, na asubuhi utakuta manyoya ya mmoja wao yametapakaa hadi kwenye michongoma. Kicheche habari hizi humfikia mapema.

Sura hii ni ya hizo siku za katikati, kati ya banda bovu na banda jipya. Vitabu vya ufugaji huziruka. Ukurasa mmoja unaoneshwa banda lililooza, unaofuata unaoneshwa banda zuri lenye viota vilivyopangwa na kuku tayari wamo, wanene. Walikuwa wapi hapo kati, mwandishi hasemi.

Tuanze na muda. Fundi akikuambia siku tatu, mshukuru, kisha jiandae kwa wiki mbili. Si lazima awe mwongo. Mbao huchelewa, mvua hunyesha, mwenyewe huitwa msibani, na sakafu ya zege inataka kumwagiliwa maji na kuachwa ikomae na ikauke kabla hujamwaga maranda juu yake. Ndiyo maana siipendi ile kauli ya "tuwabane tu humu kwa leo". Kuku kumi ndani ya tenga watamaliza usiku mmoja. Ndivyo wanavyosafirishwa kutoka Singida hadi Dar es Salaam. Usiku wa tatu ndani ya tenga hilohilo ni mateso, na zaidi ya hapo unaita ugonjwa.

Njia bora kuliko zote ni kutokuwa na siku za katikati kabisa: jenga banda jipya pembeni, la zamani libaki limesimama mpaka jipya liezekwe na likauke. Mwenye eneo na afanye hivyo, sura hii aisome kwa kujifurahisha tu. Lakini wengi wetu tunafugia kwenye kiwanja cha 20 kwa 20 chenye nyumba, kisima, mpapai na gari la mtu fulani lililoharibika tangu awamu iliyopita. Banda jipya lazima likae pale lilipokuwa la zamani, hakuna pengine.

Chagua msimu. Kwa ukanda wa pwani, Juni na Julai ni miezi mizuri: masika yamekwisha, joto limepungua, na vuli bado. Kujenga Januari ni kuwaweka kuku kwenye kizimba cha muda wakati wa joto kali, nao hawana tezi za jasho. Njia yao ya kupoa ni kuhema mdomo wazi na kuachanisha mbawa. Kujenga Aprili ni kuwalaza karibu na ardhi yenye maji, ambako vimelea vya kuhara damu hukomaa kinyesini kwa siku moja au mbili tu vikipata joto na unyevu. Aprili pia ni ya siafu. Kuku aliye huru huwakimbia siafu, ila aliyefungiwa kizimbani usiku hana pa kukimbilia, na hao hawaachi kitu.

Jambo lingine la kufanya kabla fundi hajaleta nyundo ni chanjo. Kuhama ni mshtuko, na mshtuko hufungulia mlango magonjwa. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, unaweza kuua takriban kundi zima lisilochanjwa. Chanjo ya I-2, iliyotokana na kazi ya Profesa Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, huvumilia joto kuliko chanjo nyingi za zamani, na hapa Tanzania huzalishwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Ni tone moja jichoni kwa kila kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Chanja wiki mbili kabla ya kubomoa ili kinga iwe imeshajengeka. Kumchanja kuku siku ileile unayomhamisha ni kumtwisha mizigo miwili kwa mpigo.

Sasa chukua tochi.

Nenda bandani saa tatu usiku, kuku wakiwa wamelala, umulike upande wa chini wa ule ufito wanaolalia, hasa pale unapogusana na ukuta. Pitisha kidole kwenye upenyo. Kikitoka na michirizi ya damu, una utitiri mwekundu, kwa jina la kitaalamu Dermanyssus gallinae. Mchana huonekana kama majivu yaliyoganda kwenye nyufa. Usiku hutoka, hupanda miguu ya kuku, hufyonza kwa saa moja au chini ya hapo, kisha hurudi ufani kutaga. Katika joto letu yai lake huwa utitiri mzima kwa muda wa wiki moja hivi, kwa hiyo hesabu mwenyewe familia hiyo itakuwa na ukubwa gani kwa mwaka. Endelea kumulika. Bandua kipande cha gome kwenye nguzo. Ukikuta vidude bapa vya rangi ya kijivu au kahawia, virefu kama nusu sentimita hadi sentimita moja, vimejibana bila kutikisika, hao ni papasi wa kuku, Argas persicus. Huwaambukiza kuku bakteria aitwaye Borrelia anserina, na kuku mwenye ugonjwa huo hupata homa, huharisha kijani, husinzia na mara nyingi hufa, huku mwenye kuku akilaumu mdondo.

Kuacha banda wazi hakuwaui. Utitiri unaweza kukaa miezi bila kula. Papasi mkubwa anaweza kukaa mwaka na zaidi. Mtu anayejenga banda jipya kwa mbao za zamani, au anayerudisha ufito uleule kwa sababu "bado mzima", amejenga nyumba mpya kwa wapangaji wa zamani, na kodi wanalipwa wao. Kwangu mimi faida kubwa ya kubomoa banda ni kuku kuhama na wadudu kubaki. Ukipata bati jipya na rangi nzuri lakini hujapata hilo, umepoteza fedha zako.

Wadudu wa kuku wako wa aina mbili, na kila aina ina dawa yake. Utitiri na papasi wakubwa huishi kwenye mbao, kwa hiyo hubaki ukiwahamisha kuku usiku wa mapema, kabla hawajaanza kupanda. Chawa, na wale viroboto wanaojigandamiza kuzunguka macho na upanga, huishi mwilini mwa kuku, kwa hiyo huhama naye. Hao washughulikie siku moja kabla: dawa ya unga kwa maelekezo ya afisa mifugo, chini ya mbawa na kuzunguka mkundu, na mafuta mazito ya kujipaka kwa wale viroboto wa usoni, ili wakose hewa. Yupo na wa tatu, mjanja zaidi. Papasi mchanga hujishika mwilini mwa kuku kwa siku tano hadi kumi, hasa chini ya mbawa, ndipo hudondoka kutafuta ufa. Huyu atahama na kuku hata ukifanya yote niliyosema. Mwache ahame. Adondokee kwenye kizimba cha muda, si kwenye banda jipya. Ndiyo sababu fundi akichelewa kwa wiki mbili usimgombeze sana: siku zile anazokuudhi ndizo zinazokukamulia papasi wa mwisho. Na ndiyo sababu kizimba cha muda lazima kiwe kitu unachoweza kukichoma, kukiosha kwa maji ya moto au kukianika juani.

Kizimba chenyewe hakihitaji fundi. Kitanda cha kamba kilichokatika, kikilazwa ubavu na kuzungushiwa wavu, ni mwanzo mzuri. Bafu la nje lisilotumika linafaa likiwa na dirisha. Kihenge kitupu kinafaa. Tangi la plastiki lililopasuka na gari bovu havifai hata kidogo. Saa sita mchana humo ndani ni tanuri, na hakuna maji ya kunywa yatakayomwokoa kuku. Kwa ukubwa, maelekezo ya kawaida ni kuku sita au saba wa kienyeji kwa mita moja ya mraba, lakini hiyo ni hesabu ya kuku wanaotoka asubuhi na kurudi jioni. Watakaoshinda ndani wape mara mbili ya nafasi hiyo. Ufito ndio usioupunguza. Mpe kila kuku sentimita 20, yaani mita mbili kwa kuku kumi, na uwe juu kidogo kutoka chini. Asili ya kuku wetu ni kuku mwitu wa misitu ya Asia ya kusini-mashariki, ndege anayelala mtini. Kuku anayelazimishwa kulala sakafuni, juu ya kinyesi, anajua kwamba kuna kitu hakiko sawa.

Ule wavu mwepesi wenye matundu makubwa unazuia kuku kutoka, hauzuii kitu kuingia. Kicheche na nguchiro hupenya au huchimba, na paka hupitisha mkono akavuta kichwa. Zungushia mbao au bati sehemu ya chini, futi mbili hivi, na juu weka wavu wa chuma wa matundu madogo. Juu kabisa funika. Mwewe yupo, na kwa wakazi wa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja kunguru wa Kihindi ni mwizi wa mayai na vifaranga wa kiwango cha juu. Miguu ya kizimba itie kwenye makopo yenye oili chafu, siafu wasipande. Halafu weka kufuli, kwa sababu siku za ujenzi geti liko wazi na vijana wa kubeba kokoto wanaingia na kutoka, na sote tunajua bei ya jogoo mwezi wa Desemba.

Weka kizimba mahali ambapo mlango wa banda jipya utakuwa, au karibu iwezekanavyo. Nitarudi kwenye hili.

Kuhamisha ni kazi ya saa mbili usiku. Gizani kuku haoni vizuri, na kuku asiyeona hakimbii. Usiwashe taa kubwa. Tochi iliyofunikwa kwa kitambaa chekundu inatosha. Ingiza mkono wa kushoto chini ya kifua kutoka mbele, vidole viwili vipite katikati ya miguu, uzito wake wote ukae kiganjani. Mkono wa kulia ulaze juu ya mbawa. Mnyanyue taratibu, naye ataachia ufito mwenyewe, kucha moja moja. Akishikwa hivi atanung'unika kidogo tu. Ile desturi yetu ya kubeba kuku wanne kwa miguu, vichwa chini, ni ya sokoni, na hata sokoni ni mbaya: ndege hana kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, kwa hiyo akipinduliwa matumbo yake hulalia vifuko vya hewa, akashindwa kupumua sawasawa. Mweke kwenye ufito mpya akiwa jirani na yule aliyelala naye jana. Ukichanganya jirani, asubuhi utasikia.

Wengi huniuliza kwa nini wasiwapeleke tu kuku kwa jirani, au kwa shangazi Mbagala, mpaka ujenzi uishe. Shangazi ana moyo mzuri, sina shaka. Lakini kuku wako wakichangamana na wake wanabadilishana kila walichonacho, mafua, utitiri, minyoo, na wakirudi wanakuja na salamu zote hizo. Lipo pia suala la vyeo. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Mnorwei Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyekuwa akiwatazama kuku tangu utotoni, alieleza kile ambacho bibi zetu walikiona uani bila kukiandika: kila kuku anamjua anayemdonoa na anayemdonoa yeye, na amani ya banda inasimama juu ya elimu hiyo. Wageni kumi wakiingia kwenye kundi la watu, vyeo vyote vinapiganiwa upya. Ukimpeleka mmoja tu ndiyo mbaya zaidi, maana akikaa huko wiki kadhaa, akirudi kwako anapokewa kama mgeni. Kama hakuna njia nyingine, wapeleke wote pamoja, wakae peke yao, mbali na kuku wa mwenyeji.

Siku za kufungiwa ni siku za uchovu. Uingereza walijifunza hili kwa nguvu: kuanzia tarehe 7 Novemba 2022 hadi 18 Aprili 2023, kwa sababu ya mafua ya ndege, sheria iliwataka wafugaji wote wa England kuwafungia ndege wao ndani, hata mwenye kuku watatu bustanini. Kuku waliozoea kuchakura, wakikosa cha kuchakura, huchakurana. Wanadonoana manyoya, damu ikitoka wanaendelea. Kinga ni kazi. Ning'iniza kabichi au fungu la mchicha kwa kamba, juu kidogo ya vichwa vyao, warukie. Rusha mtama kwenye majani makavu wautafute. Weka beseni la majivu na udongo mkavu waoge. Kuoga vumbi ndiko kujisafisha kwao, na siku za wadudu ni dawa. Chakula ni gramu 100 hadi 120 kwa kuku mmoja kwa siku, maji robo lita, na joto likizidi maji hufika mara mbili ya hapo.

Usiwafungulie wazurure kwenye eneo la ujenzi hata wakikusihi. Kuku humeza kila king'aacho: misumari, vipande vya waya, vichwa vya ribiti. Firigisi husaga kwa nguvu, na msumari ukiwa ndani hutoboa ukuta wake. Saruji mbichi nayo huunguza miguu. Jioni, mafundi wakiondoka, funga sumaku ya spika mbovu kwenye kamba uiburute uani, utashangaa kinachopatikana.

Mayai yatapungua. Usimchukie mtu. Ganda la yai hutengenezwa kwa saa 20 hivi kati ya zile 24 na ushee ambazo yai zima linahitaji, na nyundo zikianza kugongwa kuku huweza kulizuia yai ndani. Likitoka baadaye lina vumbi jeupe la chokaa juu, au limebonyea ubavu pale lilipobanwa na la pili. Mengine hutoka laini, bila ganda. Yote hayo yanalika, na yakitulia makelele mayai hurudi.

Kuku anayeatamia ni kesi ya peke yake. Siku zake ni 21, na fundi hana haki ya kuzikatiza. Kama amebakiza siku chache, ahirisha kubomoa; mbao hazitaharibika. Kama ndiyo kwanza ameanza, mhamishe usiku pamoja na kiota chake kizima, bila kugusa mpangilio wa mayai, umweke mahali penye giza na utulivu, kisha funika mlango kwa gunia hadi kesho yake mchana. Wengine wataendelea kulalia. Wengine watasimama, watazame pembeni, na kuondoka, na hakuna kitabu kitakachokuambia kabla ni yupi atafanya lipi.

Sasa banda la zamani. Mbao zisizotiwa dawa zichome siku ileile zilipobomolewa, palepale, zisibebwe kuzungushwa uani zikidondosha papasi. Zile za kijani zilizopigwa dawa ya kuzuia mchwa usizipikie wala usizichome. Dawa yake mara nyingi ina arseniki, na majivu yake ni sumu kwako na kwa kuku wanaoyaogea. Zizike mbali na kisima. Mabati yaoshwe kwa sabuni na maji ya moto, yaanikwe juani siku kadhaa, yatatumika tena bila wasiwasi. Kinyesi kilowanishe kwanza kabla ya kukizoa ili vumbi lisikuingie mapafuni, kisha kirundike kioze. Kikiwa kibichi huunguza mboga.

Na banda jipya likikamilika? Hapa ndipo watu wanapokata tamaa. Unafungua mlango wa kizimba jioni, unasimama kwa fahari, na kuku wote wanarudi kizimbani. Kuku hurudi mahali alipolala, jengo halimwambii kitu. Ndiyo maana nilisema kizimba kiwe karibu na mlango mpya. Wahamishe usiku kama ulivyowaleta, wakague chini ya mbawa kwa tochi kabla hawajaingia, kisha wafungie humo ndani siku nne au tano, maji na chakula vikiwa ndani. Siku ya kuwafungulia iwe alasiri, saa kumi na moja hivi, ili giza liwakute karibu. Hata hivyo mmoja au wawili watakwenda kusimama pale kilipokuwa kizimba. Wabebe. Kesho yake pia wabebe. Kwenye kila kiota weka yai la plastiki au jiwe laini jeupe, watambue pa kutagia.

Fito za banda jipya zisipigiliwe misumari ukutani. Zikae juu ya vishikio, ziweze kunyanyuliwa kila mwezi, upitishe kidole pale mwisho kama ulivyofanya usiku ule.

Kizimba cha muda ukiondoe siku hiyohiyo kuku wanapohama, maana kikiachwa wazi uani wataendelea kukitamani, na papasi waliodondoka humo bado wana njaa. Fito na majani yachome. Wavu na bati vimwagie maji yanayochemka, vianike, kisha vikunje uviweke stoo. Kuku wa kununua kutoka mnadani atahitaji wiki mbili za kukaa peke yake kabla ya kuingizwa na wengine, na mgonjwa atahitaji pa kulala.